MediaWiki kazini: tathmini ya daftari la pamoja katika zama za makundi ya WhatsApp

Taasisi za leo hazina uhaba wa mazungumzo. Swali la namna ya kumsajili mteja mwenye nyaraka pungufu linaulizwa asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la idara, mtu mwenye uzoefu analijibu kwa ufasaha, wenzake wanamwekea dole gumba, na kufikia jioni jibu hilo limeshafunikwa na salamu za siku ya kuzaliwa, picha za semina na tangazo la kikao. Baada ya muda mwajiriwa mpya anauliza swali lilelile, na safari hii mwenye jibu yuko likizo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi nyingi za ofisini mali kubwa kuliko zote ni yale ambayo watu wamejifunza kwa kuyatenda.

Tathmini hii inahusu MediaWiki, programu huria inayoendesha Wikipedia. Siitazami hapa kama mtambo wa kamusi elezo ya dunia nzima, bali kama mahali ambapo shirika la kawaida linaweza kuweka yale ambayo wafanyakazi wake wanayajua. Nimeitumia kama mwandishi wa kurasa na kama msimamizi, katika mazingira ambamo karibu kila jambo lingine lilikuwa linapita kwenye makundi ya ujumbe. Ninaipendekeza, tena kwa moyo wote, lakini kwa sharti moja ambalo taasisi nyingi hulipuuza: lazima awepo mtu ambaye kuitunza ni sehemu ya kazi yake, imeandikwa hivyo, na anapewa muda wa kuifanya.

Wazo la tovuti ambayo msomaji wake ndiye mwandishi wake, aina inayoitwa wiki, ni la Ward Cunningham, mtaalamu wa programu wa Marekani, aliyeiweka ya kwanza kwenye intaneti mwaka 1995 ili watengenezaji wa programu wapashane mbinu za kazi. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilizaliwa ili watu wa fani moja wagawane ujuzi wa kazi, miaka kadhaa kabla Wikipedia haijaanzishwa mwaka 2001. MediaWiki yenyewe ilitokana na programu ambayo Magnus Manske aliiandika kwa ajili ya Wikipedia ikaanza kutumika mwaka 2002, na ambayo Lee Daniel Crocker aliiandika upya mwaka huohuo. Inatolewa bure kwa leseni ya GPL, kwa hiyo taasisi inaweza kuisimika kwenye seva yake, kuichunguza na kuibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Jambo hilo la umiliki ninalitanguliza kwa makusudi, kwa sababu wengi hulitambua wakati ambapo haliwasaidii tena. Taasisi inayoacha maarifa yake yakae ndani ya mtandao wa kijamii, au ndani ya huduma iliyoundwa kwa mfano wa mtandao wa kijamii, inamkabidhi mtu mwingine uamuzi wa muda gani maarifa hayo yataishi. Kampuni ya Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, ilizindua Workplace mwaka 2016, ikiwa ni sura ya Facebook kwa ajili ya ofisi, na mashirika makubwa yakahamia huko na matangazo yao, miongozo yao na mijadala yao. Mei 2024 ikatangaza kwamba huduma hiyo ingefungwa, watumiaji wakapewa hadi mwisho wa Agosti 2025 kuitumia kama kawaida, kisha kipindi cha kusoma na kupakua tu. Slack, programu ya ujumbe ya ofisini, iliwawekea watumiaji wa mpango wake wa bure kikomo cha kuona ujumbe wa siku 90 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba data ya mpango huo iliyozidi umri wa mwaka mmoja ingefutwa. WhatsApp, kwa upande wake, imekuwa na ujumbe unaotoweka tangu mwaka 2020. Kampuni hizi hazikuvunja ahadi yoyote kwa kufanya hivyo; zinauza mawasiliano, na mawasiliano hayalazimiki kudumu. Maarifa ya kazi ndiyo yanayolazimika kudumu, na ndiyo maana yanahitaji makao tofauti.

Sasa nieleze jinsi MediaWiki inavyofanya kazi mkononi mwa mtu asiye fundi. Ukurasa mpya huzaliwa mara nyingi kutokana na kiungo chekundu. Mwandishi wa ukurasa unaoeleza taratibu za manunuzi anafika mahali pa kutaja uteuzi wa kamati ya tathmini, anaweka kiungo kuelekea ukurasa wenye jina hilo, na kwa kuwa ukurasa huo haujaandikwa bado, kiungo kinajitokeza kwa rangi nyekundu. Mwenzake anayepita na kujua habari za kamati anabonyeza wekundu huo, kisanduku cha kuandikia kinafunguka, anaandika aya mbili, anahifadhi, na kiungo kinageuka buluu. Hakukuwa na kikao, hakukuwa na barua ya kumteua mtu kuandika. Pengo limeonekana kwa macho na mwenye uwezo wa kuliziba ameliziba. Sijaona chombo kingine cha ofisini kinachoonyesha kwa uwazi kiasi hicho kile ambacho taasisi haijakiandika, na kwa maoni yangu huu ndio ubora wake mkubwa kuliko wote. Kuna hata ukurasa maalumu unaoorodhesha kurasa zinazotajwa bila kuwepo, ukianzia na zile zinazotajwa mara nyingi zaidi, na mkuu wa idara anayetaka kujua watu wake wanahitaji maelezo gani hana haja ya kusambaza dodoso.

Zamani uandishi ulidai kujifunza alama za mabano na nyota, jambo lililowafukuza wahasibu na maofisa utumishi kabla hawajaanza. Tangu toleo la 1.35 la mwaka 2020, kihariri kiitwacho VisualEditor kinakuja ndani ya kifurushi chenyewe, na anayejua kuandika barua kwenye kompyuta anaweza kuandika ukurasa. Majedwali bado yanasumbua kidogo, na vigezo, yaani vile visanduku vinavyojirudia kwenye kurasa nyingi, ni afadhali viachwe kwa msimamizi.

Sehemu ya pili inayostahili kutazamwa kwa karibu ni historia ya ukurasa. Kila unapohifadhi, toleo lililotangulia halifutwi. Linabaki likiwa na tarehe, saa, jina la aliyeandika na maelezo mafupi ya alichobadilisha. Chukua ukurasa unaosema kwamba marejesho ya fedha za safari huwasilishwa ndani ya siku 14. Siku moja mhasibu anabadilisha namba hiyo kuwa 7 na kuandika kwenye mstari wa maelezo kwamba ni kwa mujibu wa waraka mpya. Anayefungua historia anaona matoleo mawili yakiwa bega kwa bega, mstari uliobadilika umetiwa rangi, namba ya zamani upande mmoja na mpya upande mwingine. Kama mhasibu amekosea, kutengua ni kubonyeza mara chache tu, na hata huko kutengua kunaandikwa kwenye historia. Kama hakukosea lakini wengine hawakubaliani naye, kuna ukurasa wa majadiliano ulioambatanishwa na kila ukurasa, na ubishi unafanyika pale bila kuchafua maelezo yenyewe. Baada ya mwaka mmoja, mtu anayeuliza kwa nini siku zilipunguzwa atapata jibu pamoja na mabishano yaliyolizaa. Kwenye kundi la ujumbe maelezo mapya hayaondoi ya zamani wala hayajiunganishi nayo. Yote mawili yanaendelea kusambazwa, na mfanyakazi anafuata lile lililomfikia mwisho.

Mwanzoni watu huogopa uwazi huo. Wanauliza: je, mtu akiharibu? Uzoefu wangu ni kwamba ndani ya taasisi, ambako kila mhariri anaingia kwa jina lake halisi, uharibifu wa makusudi ni nadra mno. Ugonjwa halisi ni ukimya. Mfanyakazi hajui kama anaruhusiwa kugusa ukurasa ulioandikwa na mkubwa wake, kwa hiyo anauona una kosa na anapita. Programu haiwezi kumtibu. Kinachomtibu ni kumwona mkurugenzi mwenyewe akisahihishwa tarehe na karani, kisha akimshukuru hadharani. Kuna kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, kinachoitwa Thanks ambacho humwezesha mtu kutuma shukrani kwa badiliko mahususi, na ningeshauri kila taasisi ikiwashe.

Hapo tunagusa swali ambalo mitandao ya kijamii imelijibu vizuri kuliko programu nyingi za ofisini: kwa nini mtu atoe anachokijua? Anayetoa jibu zuri kwenye kundi huonekana papo hapo, hupongezwa, na heshima yake hupanda. Kampuni ya Xerox ililielewa jambo hili kabla ya mitandao ya kijamii ya leo. Mwanaanthropolojia Julian Orr alikuwa amewachunguza mafundi wake wa mashine za kunakili katika miaka ya 1980, akaona kwamba ujuzi wao wa kutengeneza mashine sumbufu ulipitia kwenye hadithi walizosimuliana wakila pamoja, zaidi ya kwenye vitabu vya maelekezo. Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ikajenga mfumo uliopewa jina la Eureka, ambamo fundi aliandika dokezo la ufumbuzi, mafundi wenzake wakalipima kabla halijasambazwa, na dokezo likabeba jina lake popote lilipokwenda. Jina hilo lilikuwa kichocheo kikubwa.

MediaWiki, nasikitika kusema, huficha jina la mwandishi. Liko kwenye historia kwa anayelitafuta, lakini ukurasa wenyewe huonekana kana kwamba umeandikwa na taasisi nzima. Kwa Wikipedia hilo ni sahihi. Kwa ofisi, ambako watu wanapimwa na kupandishwa vyeo, ni upungufu wa kweli. Dawa iliyofanya kazi vizuri nilipoisimamia ni ya kibinadamu tu: kila ukurasa unaoeleza kazi muhimu uwe na mstari chini unaotaja mtunzaji wake kwa jina na wadhifa, na tathmini ya mwaka ya mfanyakazi itaje kurasa alizozitunza. Bila hivyo, mjuzi ataendelea kupendelea kundi la ujumbe, na hatakuwa na kosa, kwa kuwa huko ndiko anakoonekana.

Utafutaji ndio sehemu dhaifu zaidi, na kwa watumiaji wa Kiswahili udhaifu huo una uzito wa pekee. Utafutaji unaokuja na programu hutegemea hifadhidata na hulinganisha maneno mazima. Lugha yetu hubebesha kitenzi viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo anayeandika "anavyoomba likizo" anaweza kuukosa ukurasa uliojaa "kuomba" na "maombi". Alama ya nyota inaruhusiwa mwishoni mwa neno, lakini haimsaidii mtu ambaye tofauti ya maneno yake iko mwanzoni. Kiendelezi cha CirrusSearch, ambacho Wikipedia yenyewe hutumia, hupanga matokeo vizuri zaidi, ila kinadai seva ya ziada ya utafutaji na mtu wa kuiangalia, mzigo ambao taasisi ndogo haiuwezi. Njia nafuu ni kurasa za kuelekeza: unaandika majina yote ambayo watu huliitia jambo moja, iwe "likizo ya uzazi", "kuomba likizo ya kujifungua" au "fomu ya likizo", na kila jina linampeleka msomaji kwenye ukurasa mmoja. Msimamizi makini atayachota majina hayo kwenye kundi la WhatsApp, akitazama watu wanavyouliza kwa maneno yao wenyewe badala ya maneno ya waraka. Kuhusu lugha ya vitufe na menyu, tafsiri ya Kiswahili ipo, imefanywa na watu wa kujitolea kupitia translatewiki.net, na ingawa hapa na pale utakutana na Kiingereza, mtu anaweza kufanya kazi siku nzima bila kukwama.

Onyo kali ninaloweza kutoa linahusu siri. MediaWiki ilijengwa ili kila mtu asome. Inawezekana kuifunga yote, isomwe na wenye akaunti pekee, na hilo hufanywa kwa mistari michache kwenye faili la usanidi. Lakini kuficha ukurasa mmoja ndani yake usionwe na baadhi ya wafanyakazi si kazi iliyoundwa kuifanya, na watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba viendelezi vinavyodai kufanya hivyo huacha mianya. Hata unapoifunga yote, picha na nyaraka zilizopakiwa hubaki zikifikiwa na yeyote mwenye anwani ya faili husika, mpaka fundi aweke utaratibu wa ziada wa kuzilinda. Kwa hiyo mafaili ya mishahara, mashauri ya nidhamu na taarifa za wagonjwa au wateja yasiwekwe humo. Mashirika ya ujasusi ya Marekani, yaliyotangaza rasmi Intellipedia yao inayotumia MediaWiki mwaka 2006, yaliepuka tatizo hili kwa kuendesha tovuti tatu tofauti za wiki kwenye mitandao mitatu, kila moja kwa kiwango chake cha usiri. Taasisi yenye idara nyeti inaweza kufuata njia hiyohiyo kwa kipimo chake: wiki moja ya wote, na nyingine ndogo, kwenye seva nyingine, ya wachache.

Gharama haina mengi. Programu ni bure. Seva si bure, na muda wa fundi si bure. Chagua toleo lenye uangalizi wa muda mrefu, kama 1.43 lililotoka Desemba 2024 na litakalopata marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu, ili usilazimike kuhama kila baada ya miezi michache. Mwonekano mzuri wa simu unahitaji kiendelezi cha MobileFrontend, ambacho husimikwa peke yake, na katika zama ambazo wafanyakazi wengi husoma kila kitu kwenye simu ningekihesabu kuwa cha lazima tangu siku ya kwanza.

Kuna maarifa ambayo hayataingia humo hata ukiwa na mtunzaji hodari. Mwaka 1985 wahandisi wa kampuni ya Matsushita ya Japani walishindwa kuunda mashine ya nyumbani ya kuoka mkate ambayo ingekanda unga ipasavyo. Vipimo vyao havikuwapa jibu. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka, na kwa kumtazama na kufanya kazi karibu naye akagundua namna ya pekee aliyokuwa akiuvuta na kuupinda unga. Ndipo mashine ikarekebishwa. Mwokaji huyo asingeweza kuandika ukurasa kuhusu kile ambacho mikono yake ilikuwa ikifanya bila yeye kukitambua. Ofisini pia wapo watu wa namna hiyo: ofisa anayejua mteja gani anadanganya kabla hajafungua faili, muuguzi anayemtazama mgonjwa mara moja na kumwita daktari. Kwao, ukurasa bora unaoweza kuandikwa ni ule unaosema ni nani, anapatikana wapi, na ni lini yuko tayari kukaa na mwanafunzi pembeni yake. Ujumbe wa sauti na video fupi, ambazo makundi ya WhatsApp yanazipenda, husaidia hapa kuliko maandishi, lakini kuzihifadhi ndani ya MediaWiki kuna usumbufu kiasi. Mara nyingi ni rahisi zaidi kuweka video mahali pengine ndani ya seva ya taasisi na kuacha kiungo kwenye ukurasa.

Kwa sababu hiyo sipendekezi kufunga makundi. Taasisi iliyojaribu kuwakataza watu WhatsApp ili walazimike kutumia wiki itapata wiki tupu na makundi ya siri. Acha swali liulizwe kundini, kwa kuwa ndiko watu waliko, na lijibiwe hukohuko. Kinachobadilika ni hatua inayofuata: jibu likishathibitika, mtunzaji au aliyejibu analihamishia kwenye ukurasa, kisha anarudisha kiungo kundini chini ya swali. Swali likiulizwa tena, anayejibu hatungi maelezo upya. Anaweka kiungo, na akiona ukurasa umepitwa na wakati anaurekebisha kwanza. Nimeona utaratibu huu ukishika ndani ya idara moja na kufa ndani ya idara jirani iliyotumia seva ileile na kupata mafunzo yaleyale. Tofauti ilikuwa mtunzaji: idara ya kwanza ilikuwa na katibu aliyepewa Ijumaa mchana kwa kazi hiyo tu, na ya pili iliambiwa kwamba wiki ni jukumu la kila mtu.

Timu ya watu wachache wanaokaa chumba kimoja na kufanya kazi isiyojirudia haihitaji MediaWiki; faili moja la pamoja linawatosha. Inawafaa zaidi wenye kazi zinazojirudia, matawi yaliyo mbalimbali, na watumishi wanaohama mara kwa mara. Kwa hao ningeongeza ushauri wa kiutendaji: kwenye fomu ya makabidhiano ya mtumishi anayeondoka, pamoja na funguo na kompyuta, pawe na mstari unaoorodhesha kurasa alizokuwa akizitunza na jina la anayezipokea, na nakala ya hifadhidata nzima pamoja na faili zilizopakiwa itolewe kila baada ya siku saba na kuwekwa nje ya seva inayoendesha wiki yenyewe.